Usinge Juu ya Meza

Nimeshona kwenye baraza la duka moja la vitambaa mjini Tabora kwa miaka ishirini na sita, na karibu miaka hiyo yote sikujua kwamba nyuma ya ukuta, hatua chache tu kutoka kwenye cherehani yangu, kulikuwa na treni.

Ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya majora ya kitambaa cha sare ambacho hakuna shule inayovaa rangi yake tena. Mwenye duka, ambaye mimi humwita Mzee na yeye huniita Fundi, alilitoa alasiri moja mvua ilipokuwa imefagia wateja wote barabarani. Akaliweka kwenye kaunta, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akaniita.

"Fundi, hebu njoo. Wewe una macho."

Yeye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mteja akitaka uzi wa bluu, Mzee alitoka nao hadi mlangoni kwenye mwanga ili asimpe mweusi. Ni mzaliwa wa Tabora, kama baba yake. Kigujarati huongea na mkewe jikoni, lakini akikasirika au akitania, ni Kiswahili.

Aliniambia kwamba treni ile aliletewa na mjomba wake kutoka Uingereza alipokuwa na miaka tisa. Baba yake aliitazama, akasema kitu kizuri namna ile si cha kuchezea, akaifungia. Mtoto akasubiri akue. Alipokua akawekwa dukani. Akaoa, baba akafariki, watoto wakazaliwa, wakasoma, wakaondoka.

"Kila nilipotaka kulifungua," alisema, "palikuwa na mtu mlangoni anataka mita mbili."

Siku ile hapakuwa na mtu mlangoni. Tukafungua. Kichwa cha treni kilikuwa cheusi, kimefungwa kwenye karatasi laini iliyogeuka rangi ya chai. Kulikuwa na mabehewa matatu ya abiria, manne ya mizigo, reli za vipande vipande, na kisanduku cha umeme chenye kitasa cha kuongeza na kupunguza mwendo. Tuliunganisha reli juu ya kaunta zikawa duara. Mzee akachomeka waya, akageuza kitasa. Treni ikanguruma kama paka aliyeshikwa mkia, ikatoa harufu, isisogee.

Harufu ile niliijua. Cherehani iliyowekwa stoo miaka mingi hunuka hivyohivyo ukiiwasha.

"Haijafa," nikamwambia. "Mafuta yameganda ndani."

Nilileta bisibisi yangu ndogo, pamba na mafuta ya taa kidogo. Niliifungua palepale, nikasafisha meno ya magurudumu moja baada ya jingine, nikadondosha mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Mzee alisimama mikono nyuma, kama mtu aliyeambiwa asiguse. Nilipoirudisha relini, ilikwenda shubiri tatu, ikasimama, ikafikiri, halafu ikazunguka kaunta yote, ikapita mbele ya vifungo, mbele ya zipu, mbele ya kalenda ya benki, ikarudi kwetu.

Mkewe alitokea mlango wa ndani, mikono ina unga. Akaitazama ikizunguka mara mbili.

"Miaka yote hii mna treni humu ndani," akasema, "na mimi napanda basi kwenda Dar."

Hivyo ndivyo ilivyoanza.

*

Katika chumba cha nyuma kulikuwa na meza mbili ndefu za kukatia vitambaa, zilizobaki toka enzi mafundi walikuwa sita na watu bado wanashonesha nguo za sikukuu. Tuliziunganisha. Mzee alitaka treni izunguke tu. Kwake kuzunguka kulitosha, baada ya kungoja miaka yote ile. Mimi nikasema treni lazima iwe na mahali inakokwenda.

"Iende wapi?"

"Usinge," nikajibu, wala sikuwa nimefikiri.

Usinge ndiko nilikozaliwa, huko magharibi, baada ya Urambo na Kaliua, mahali ambapo mashamba yanaishia kwenye msitu. Nilikuja Tabora nikiwa na miaka kumi na saba kujifunza ushonaji, nikaolewa, nikakaa mtaa wa Isevya, nikawa mjane, nikaendelea kukaa Isevya. Mama yangu, mayu kama tunavyosema nyumbani, alibaki kulekule pamoja na mdogo wangu wa kiume.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Alituacha nikiwa na miaka mitano, labda sita. Kumbukumbu yangu ya siku aliyoondoka ilikuwa fupi, na imenyooka kiasi kwamba ningeweza kuishona: ni asubuhi, treni imesimama stesheni. Mkono mzito umewekwa kichwani kwangu. Treni inaanza kutembea, inapita kwenye kivuli cha tangi la maji, na tangi linavuja, matone yanashuka yakimeta. Dirishani mtu anapunga kitambaa cheupe. Halafu reli tupu. Mkono ule kichwani ulikuwa wa mayu, na kitambaa cheupe kilikuwa cha baba, akienda upande wa Kigoma, asirudi.

Sikuwahi kuizungumzia na mtu. Ila nikiwa nashona mshono mrefu ulionyooka, shuka au pazia, mguu ukienda wenyewe, mara nyingi nilijikuta nimerudi pale. Cherehani ndiyo iliyokuwa treni. Nikifika mwisho wa kitambaa, ninaamka.

*

Tulijenga kwa misimu miwili ya mvua. Binti wa Mzee anayeishi ng'ambo alituma kifurushi cha reli za kuongeza, pamoja na barua iliyouliza kama baba yake ni mzima. Kwenye ncha moja ya meza tulisimamisha Tabora: stesheni yenye paa la vigae vyekundu, iliyokatwa kutoka kwenye maboksi ya nyuzi. Mzee alikumbuka kila dirisha lake. Ncha ya pili ilikuwa Usinge, na hiyo nilikumbuka mimi. Katikati tuliweka Urambo na Kaliua, kila moja kibanda na kibao chake, basi. Baada ya Usinge reli ilipinda, ikapita nyuma ya pazia la kitambaa cha bluu nililolishona liwe anga, ikazunguka nyuma yote ya meza, ikatokea tena Tabora.

Mwanzoni tulitengeneza vilima. Mzee aliviona kwenye picha ya mfuniko wa boksi, vilima vya Uingereza vyenye kondoo. Tulivijenga kwa magunia na gundi ya unga, vikakauka vizuri kabisa. Kisha nikasimama mlangoni nikavitazama, nikamwuliza ni wapi kati ya Tabora na Kaliua aliwahi kuona kilima kama kile. Akafikiri sana.

"Hakuna," akasema.

Tukavivunja. Nchi yetu ni tambarare, na utambarare ni mgumu kuutengeneza kuliko mlima, maana hauna pa kujificha. Nilichekecha udongo wa uani kwa chujio la chai la mke wa Mzee, ambaye hakunisamehe kwa wiki nzima, nikaumwaga juu ya gundi. Miti ya msitu niliitengeneza kwa vijiti na nyuzi zilizochambuliwa. Hapo tuligombana. Mzee alitaka majani ya kijani. Mimi nilitaka msitu wa kabla ya mvua, pale majani machanga yanapotoka mekundu, mekundu kama shaba, msitu mzima unaonekana umepata homa.

"Watu watadhani unaungua," alisema.

"Watu wa wapi?"

Nikatumia nyuzi nyekundu.

Yeye naye alikuwa na lake. Alitaka kando ya reli kuwe na njia ya miguu. Babu yake alifika Tabora kabla ya reli, akitembea kutoka pwani pamoja na wapagazi, akifuata njia ya misafara, na mzigo wake ulikuwa shanga na vitambaa. Alifika miguu imevimba, akaugua, akauguzwa na mwanamke wa Kinyamwezi ambaye familia yao hadi leo hawalijui jina lake. Basi nikanyunyiza mchanga mweupe, mstari mwembamba kama uzi, ukatoka Tabora kwenye miembe ukaenda ukipindapinda. Mahali pengine reli inaupanda juu, unapotea, kisha unatokea upande wa pili kati ya miti. Mzee aliufuata kwa kidole hadi Usinge.

Watu niliwatengeneza mwisho, kwa njiti za kiberiti, nikawavika vipande vya khanga. Wanawake wa asali na chupa zao. Mwenye bendera ya kijani. Mchungaji na baiskeli. Halafu nikatengeneza mwanamume mmoja mrefu kuliko wengine, nikamgandisha kwenye dirisha la behewa la nyuma, mkononi nikamfunga uzi mweupe.

"Huyu nani?" Mzee akauliza, akiwa amemsogelea hadi pua inagusa behewa.

"Baba."

Akarudi nyuma, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Tangi la maji la Usinge nililitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga, nikalisimamisha kwenye miguu minne ya waya. Nililiweka upande wa Kigoma, baada ya stesheni, pale treni inapoanza kuondoka. Mzee alisita. Aliwahi kupita Usinge ujanani akipeleka vitambaa Kigoma, na alidhani tangi lilikuwa upande wa huku, wa Tabora.

"Una hakika, Fundi?"

"Nina hakika."

*

Jumapili duka hufungwa. Nikitoka kanisani nilipita nyumbani kubadili nguo, na kufika saa tisa nilikuwa chumba cha nyuma. Tuliendesha kwa ratiba. Mzee alikuwa stesheni masta wa vituo vyote. Alikuwa na filimbi na saa ya mkononi ya baba yake. Mimi nilikuwa dereva. Alikataa katakata treni ikimbie. Kwake kutoka Tabora hadi Usinge kulipaswa kuchukua muda ule unaoweza kunywa kikombe cha chai ya moto bila kuungua, na kama treni ilifika kabla chai haijaisha, aliirudisha.

Kulikuwa na saa za ajabu mle ndani. Mwanga uliingia kwa dirisha moja la juu, ukashuka na vumbi la nguo likielea ndani yake, na treni ilipopita kwenye mwanga ule, vivuli vya mabehewa vilikuwa virefu kuliko mabehewa yenyewe, vikatembea ukutani, ukubwa wa treni ya kweli. Hatukuwa tunaongea. Magurudumu yalifanya sauti ndogo kavu, ti-ti, ti-ti, kwenye kila kiungo cha reli. Pengine treni ya kweli iliingia mjini wakati huohuo, tukasikia honi yake kutoka stesheni, na Mzee aliinua mkono niisimamishe yetu, ili kubwa ipite kwanza.

Umeme ulikatika mara nyingi. Treni ilisimama popote ilipo, msituni kati ya Urambo na Kaliua, nasi tukakaa. Mke wa Mzee alileta viti na karanga, akaketi nasi.

"Hata hapa tunachelewa," alisema.

Ikawa kweli kama safari. Tulizungumza kama abiria wazungumzavyo wakikwama, mambo ambayo mtu hamwambii jirani. Kwenye kukwama kumoja mke wa Mzee aliniambia kwamba alipoolewa kuja Tabora alilia kila siku mwaka mzima, na kwamba sasa akienda kwa watoto wake ng'ambo hulia kwa sababu ya Tabora. Mzee alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Aliendelea kutafuna karanga polepole, kisha akamsogezea mkewe sahani.

Na kila Jumapili, baba yangu aliondoka Usinge. Niligeuza kitasa taratibu, behewa la nyuma likapita chini ya kopo la maziwa, uzi mweupe ukatikisika, akaingia nyuma ya pazia la bluu. Nilihesabu pumzi. Halafu akatokea Tabora. Hilo sikulipanga, reli ndivyo ilivyokuwa, ina duara. Lakini nitasema ukweli: wakati mwingine niliwasha treni siku ya kazi, mchana, wateja wakiwa wametoka, ili nimwone anatokea tu.

*

Mwaka jana mayu aliletwa Tabora kutolewa mtoto wa jicho katika hospitali ya Kitete. Alikaa kwangu Isevya. Kwa miaka mitatu alikuwa ananitambua kwa sauti. Siku bandeji ilipotolewa alinitazama uso kwa muda, akasema, "Umezeeka, mwanangu," akacheka sana, akanishika mashavu.

Wiki ya pili alisema amechoka kukaa ndani, anataka kuona ninakofanyia kazi. Nilimpeleka Jumapili, baada ya kanisa, tukitembea polepole maana alisimama kusoma kila kibao. Mzee alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za hapa?"

Mke wa Mzee akamletea kiti na chai yenye tangawizi. Nilikuwa nimemwambia mayu kuhusu treni, lakini alidhani ni kitu cha kuchezea cha mtoto wa mtu. Nilipofungua mlango wa chumba cha nyuma, alisimama. Akaweka kikombe chini. Akaanza kutembea kando ya meza, taratibu, kutoka Tabora, mkono umeinuliwa bila kugusa kitu. Alipita Urambo. Alipita Kaliua. Alitabasamu kwenye msitu mwekundu.

"Mwezi wa kumi," akasema.

Nilimtazama Mzee. Mzee akatazama dari.

Kisha mayu akafika Usinge, akainama, na uso wake ukabadilika. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuingia na hapati mlango.

"Hapa ni wapi?"

"Nyumbani, mayu. Usinge."

"Mbona tangi mmeliweka huku?"

"Ndiko lilikokuwa."

"Lilikuwa upande wa Tabora, mwanangu. Tulikuwa tunateka maji pale kila siku, jua la asubuhi linatupiga usoni. Huku kulikuwa na mnazi mmoja wa mkuu wa stesheni usiozaa, basi."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kile ninachokikumbuka: treni, tangi linavuja, kitambaa cheupe. "Baba alipokwenda Kigoma, treni ilipita chini ya tangi. Niliona. Wewe ulinishika kichwa."

Mayu alinitazama kwa yale macho mapya. Mke wa Mzee alikuwa mlangoni, ameacha kupangusa mikono.

"Baba yako hakupanda treni," mayu akasema. "Baba yako hakuwahi kupanda treni hata siku moja. Alikuwa anaiogopa."

"Nilimwona."

"Uliniona mimi. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya treni. Mimba ya mdogo wako ilikuwa imekaa vibaya, yule nesi wa zahanati akasema nije Tabora, nijifungulie hapahapa Kitete. Nilipunga leso yangu nyeupe ya kanisani mpaka mkono ukafa ganzi, maana ulikuwa unalia. Tulipita tangini, ndiyo. Tukija Tabora."

Nilikuwa naiona treni ile, na treni ile ilikuwa inageuka. Jua lilitoka nyuma likaja mbele.

"Na mkono?" nikauliza.

"Mkono gani?"

"Wa kichwani."

"Si wa baba yako? Nani mwingine? Mimi nilikaa huku wiki saba. Yeye ndiye aliyekulea. Nilirudi nikakuta amekusuka nywele, mistari imekwenda kama njia ya nyoka, na wewe hutaki nizifumue."

Nilikaa kwenye kiti cha mayu. Niligundua kwamba nimeshika kichwa changu mwenyewe.

Baba aliondoka karibu mwaka mmoja baada ya hapo, mayu alituambia, akiwa bado amesimama kando ya meza. Aliondoka kwa miguu, na kamba zake za kupandia mizinga, kwa njia ya kusini inayoingia msituni. Alikuwa na mwanamke huko mbele, mbali, upande wa Mpanda. Alifia huko, warina asali wenzake walileta habari miaka mingi baadaye, nami nilikuwa nimeshaolewa.

"Wewe ulikuwa shuleni siku hiyo. Ukarudi ukauliza baba yuko wapi. Nikakujibu amesafiri." Alifikiri. "Labda ndiyo maana. Mtoto ukimwambia mtu amesafiri, anawaza treni."

"Kwa nini hukuniambia, mayu?"

"Hukuuliza tena. Na mimi nilidhani unajua. Nilidhani umenyamaza kwa kunionea huruma, nikasema ngoja nami ninyamaze nikuhurumie."

Mzee alitoka nje, akarudi na maji ya kunywa, akanipa bila kunitazama. Mayu alikuwa ameinama kwenye behewa la nyuma. Kwa ukucha wa kidole gumba alibandua yule mwanamume wa dirishani. Akampima urefu, akakubali. Akamsimamisha kwenye ukingo wa jukwaa la Usinge, mbele ya wauza asali.

"Na wewe uko wapi?"

Sikuwemo. Nilikuwa nimetengeneza mwenye bendera na mchungaji na baiskeli, na sikuwahi kujitengeneza mimi. Mke wa Mzee alikwenda jikoni akaleta kiberiti. Nilivunja njiti katikati, nikatafuta kipande cha khanga ya njano.

"Gauni la njano?" mayu akasema. "Ulikuwa na kaptula ya kaka wa jirani, na kifua wazi. Gauni lilikuwa la Jumapili."

Nikatafuta kitambaa cha kaki.

Jioni ile ndipo nililia, Isevya, mayu akiwa ameshalala. Nililia kwa kuchelewa. Miaka hamsini nilikuwa nimemkasirikia mtu kwa kunipungia mkono, kumbe alikuwa amesimama nyuma yangu. Kuondoka aliondoka, hilo halikufutika, na hasira yangu ililazimika kutafuta mahali pengine pa kukaa. Lakini zile wiki saba zilikuwa zangu sasa. Nilijaribu kukumbuka kitu chochote cha wiki zile. Sikupata. Ila usingizi uliponichukua nilisikia vidole vinavuta nywele vibaya, vikikosea mstari na kuanza upya.

*

Tangi tulilihamisha Jumapili iliyofuata. Miguu yake ilikuwa imeshikwa na gundi, ikang'oka na kipande cha ardhi; ilitubidi kuchekecha udongo tena, safari hii kwa chujio nililonunua mwenyewe. Mayu alisimamia. Mzee alimzungukazunguka siku nzima, nikajua ana jambo. Mwishowe akaliuliza, sauti chini.

"Mama, walipokutoa ule ukungu, uliumia?"

"Kama kung'olewa unywele. Nenda, baba. Unangoja nini?"

Mzee alikwenda mwezi uliofuata, mkewe amemshika mkono. Aliporudi dukani alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akakaa humo peke yake. Tulimsikia anacheka. Mabehewa ya abiria, aliyoyapaka rangi mwenyewe na kutuambia ni kahawia, yalikuwa ya zambarau. Mimi na mkewe tuliliona hilo tangu siku ya kwanza na hatukuwa na moyo wa kusema. Hajayapaka tena. Anasema zambarau inapendeza na msitu mwekundu.

Mayu nilimrudisha mwenyewe. Tulipanda treni, mimi dirishani mwa jua na yeye upande wa kivuli, na alilala kabla hata ya Urambo, mdomo wazi, mikono imefumbata pochi. Nilitazama nje. Kuna reli mpya inayojengwa, tuta lake la udongo mwekundu linakwenda sambamba nasi, linakaribia, linakwenda mbali. Niliitafuta njia ya miguu kati ya miti. Mara niliiona, mara niliona kuwa ni njia tu ya ng'ombe.

Usinge hakuna tangi tena. Mayu alinionyesha mabaki ya msingi wake, saruji iliyomezwa na nyasi, upande wa Tabora kama alivyosema. Nilitaka anionyeshe mahali hasa tuliposimama siku ile, mimi na baba. Alitembea huku na huku juu ya kokoto, akapima kwa macho, akasema labda pale, au pale, yeye alikuwa juu dirishani na machozi, hawezi kuapa. Mwanamke mmoja alikuja kutuuzia mihogo ya kuchemsha. Alimjua mayu, wakaanza kusalimiana Kinyamwezi, mwadila, mwadila, habari za macho, habari za mjini, na salamu za kwetu haziishi haraka.

Mdogo wangu alikuwa amefika na baiskeli kuchukua mizigo. Nilimwambia, huku tukifunga sanduku la mayu kwenye kibebeo, kwamba nilikuwepo siku alipokwenda kuzaliwa.

"Ulikuwa unalia," akajibu. "Mayu ameshanihadithia mara mia."

Akakaza mpira, akautikisa mzigo kuona kama umekaa, tukaanza kutembea. Mayu alikuwa mbele na yule mwanamke wa mihogo, wanaongea kwa pamoja, na mara kwa mara mayu alisimama kumwonyesha kitu cha mbali kwa kidole: mlango wa nyumba ya mtu uliopakwa rangi, mbuzi juu ya kichuguu, jina lililoandikwa ukutani.